Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: mama aliuliza kuhusu miguu yake

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Wilaya,

YAH: SWALI LA MAMA YANGU AMBALO HALIJAJIBIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko nyuma ya stendi. Huenda unanikumbuka, ndiye niliyeipunguza kiuno suruali yako ya kaki kabla ya ziara ya mkuu wa mkoa. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua zangu mbili nilizoziacha masijala, ya mwezi wa tatu na ya mwezi wa sita, naona bado zinatafuta ngazi ya kupandia ofisini kwako.

Mama ana miaka 63 na presha anayo tangu 2018. Hajawahi kukosa kliniki ya Alhamisi. Mwanzoni mwa mwaka huu alipandishiwa dozi ya amlodipini kutoka miligramu 5 hadi 10, na baada ya wiki tatu miguu ikaanza kuvimba. Jioni anakaa mkekani, anabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba, anaachia, na kishimo kinabaki palepale kama kwenye unga uliokandwa.

Akaenda kuuliza. Aliyekuwa dirishani akamjibu, "Mama, we meza dawa, maswali hayashushi presha." Foleni nzima ikacheka. Mama naye akacheka, maana hakutaka aonekane mjuaji.

Basi swali akarudi nalo nyumbani, likafika kwa jirani, na jirani akaleta sauti ya WhatsApp. Mtu anayejiita daktari anasema dawa za presha zinaua figo, na miguu kuvimba ndiyo dalili yenyewe. Mgonjwa aache vidonge, achemshe majani ya mparachichi. Yule bwana, Mheshimiwa, alizungumza dakika nne nzima, taratibu, kwa Kiswahili kitamu, akimwita kila msikilizaji "mama yangu". Kwenu mama alipata sekunde tano.

Akaacha vidonge. Hakutuambia. Nilikuja kuvihesabu baadaye chini ya mto wake, vilikuwa 19.

Jumanne ya wiki mbili zilizopita alikuwa anakunywa chai, kikombe kikamponyoka mkono wa kulia, mdomo ukaenda upande. Nilimpakia kwenye bajaji nikiwa bado nimening'iniza futi ya kupimia shingoni. Mapokezi walimkuta na 214 kwa 118. Yu hai, namshukuru Mungu, na wauguzi wa wodini walimhangaikia, hilo silifichi. Lakini mkono wa kulia haushiki kitu, na mimi siku nne kwa wiki nafunga kibanda ili nimgeuze, nimlishe, nimpeleke mazoezi. Kuna sare za shule 30 hazijashonwa na wazazi wananitazama vibaya.

Usiku mmoja wodini nilichukua ile karatasi ya ndani ya boksi la dawa. Imekunjwa mara nane, herufi ndogo kama chawa, yote Kiingereza. Nina elimu ya kidato cha nne. Nilinakili maneno kwenye simu herufi moja moja, bando la shilingi elfu moja likaishia hapo. Na unajua nilikuta nini? Unajua, wewe ni daktari. Kuvimba vifundo vya miguu ni jambo linalojulikana kabisa kwa dawa hiyo, na huongezeka dozi ikiongezeka. Dawa hulegeza mishipa, maji yakavujia miguuni. Kwa kawaida si dalili kwamba dawa inaharibu figo. Daktari humwangalia mgonjwa asiwe na tatizo lingine, kisha hupunguza dozi au humbadilishia dawa. Kinachoharibu figo ni presha yenyewe ikiachwa juu. Majani ya mparachichi nilipoyafuatilia nilikutana na majaribio ya panya. Mama yangu si panya.

Sisemi kwa uhakika kwamba angejibiwa asingepata kiharusi. Nasema jibu lilikuwepo, lilikuwa la sentensi tatu, na hakupewa.

Sasa nikukumbushe. Mwezi wa pili, uwanja wa shule, ulishika maikrofoni ukasema kila kituo kitakuwa na mtu wa kujibu maswali ya wagonjwa "kwa lugha ya nyumbani". Tulipiga makofi. Kilicholetwa ni bango la moyo, zuri, la rangi, limeandikwa Kiingereza, likabandikwa nyuma ya mlango ambao mchana kutwa uko wazi, kwa hiyo linasomwa na ukuta. Mahakama, zenye maneno magumu kuliko yenu, sheria imezielekeza kwenye Kiswahili tangu 2021. Dirisha la dawa linashindwa nini?

Labda watumishi ni wachache. Labda chuoni mmefundishwa kwa Kiingereza na Kiswahili chake mnaona hakina uzito. Au mnaogopa kwamba mgonjwa akielewa atabishana. Mimi nabahatisha tu, kwa kuwa hakuna aliyenieleza.

Nimekaa kwenye lile benchi Alhamisi nyingi na maswali nayajua kwa moyo. Presha ikishuka niache dawa? Hapana, imeshuka kwa sababu unameza. Chumvi kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, haijai kijiko cha chai, na humo imo ya dagaa na ya chipsi. Juisi ya rozela je? Tafiti ndogo zimeona inashusha kidogo, lakini haichukui nafasi ya kidonge. Na Ramadhani? Kidonge cha mara moja kwa siku mara nyingi huhamishiwa futari au daku, ila umuone daktari kabla mwezi haujaandama. Hayo ameyaokota fundi cherehani kwa bando la buku. Uingereza kuna watu wa Cochrane, tangu 1993 wanakusanya tafiti za tiba na kuzifupisha kwa lugha ambayo asiye daktari anaielewa. Sikuombi ujenge kitu kama hicho. Nilikuwa naomba mtu wa kujibu, kisha nikasema basi hata karatasi moja ya Kiswahili pale dirishani, nitaichapisha mwenyewe, gundi ninayo.

Hata hiyo tuiache. Mama hajapona kuuliza. Maneno yanamtoka kwa shida, upande mmoja wa mdomo, lakini juzi ameninyooshea mguu akasema, "Umewauliza?"

Alhamisi hii saa moja asubuhi nitamleta kwa bajaji. Kadi yake ni ya kijani, imefungwa kwa kitambaa cha kitenge. Naomba akute mtu wa kumjibu, na nikimkosa huyo mtu tutakusubiri wewe, hapo hapo kwenye benchi.

Wako mtiifu,
Fundi wa nyuma ya stendi