Kaka, mkono wangu ulikuwa upande wako wa kushoto

Kaka yangu,

Shikamoo. Simu zangu anazipokea wifi, na ujumbe niliokutumia mwezi uliopita umebaki bila jibu, ndiyo maana nakuandikia hapa, mahali ambapo najua mwanao hupita na atakusomea. Akusomee bila kuruka sentensi.

Jioni tuliyomzika baba unaikumbuka, na sitaieleza yote upya. Nataka dakika moja tu ya jioni ile. Ulikuwa umesimama na wazee chini ya taa hafifu, nami nikaja kutoka upande wako wa kushoto, nikanyoosha mkono na kukuamkia kwa sauti ambayo kilio kilikuwa kimeipunguza. Hukugeuka. Ulimaliza maneno uliyokuwa ukimwambia mzee aliyekuwa mbele yako, ukaondoka, ukakanyaga pindo la nguo yangu, ukapita. Mkono wangu ulibaki hewani mbele ya watu wazima wanne, na mmoja wao, kwa huruma iliyoniuma kuliko dharau yenyewe, akaushika yeye. Wiki ile tulikuwa tumerushiana maneno kuhusu nani aliyemuuguza baba na nani aliyetuma fedha tu, kwa hiyo sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Nilijua umenikata. Nami nikakukata kwa miaka mitatu.

Ninachokijua sasa ni kwamba hukuniona, na pengine wewe mwenyewe hukujua kuwa hukuniona. Presha ya macho, ambayo madaktari huiita glakoma, huharibu neva inayopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, neva yenye nyuzi zaidi ya milioni moja, na kwa kawaida huanza na yale yaliyo pembeni huku ikiyaacha ya katikati yakiwa safi kwa miaka mingi. Katika aina yake iliyo ya kawaida zaidi hakuna maumivu, hakuna wekundu, wala giza ukingoni ambalo mtu angeliona akashtuka, kwa sababu ubongo huziba pengo kwa kubahatisha kutokana na yaliyo jirani. Mahali alipostahili kuwepo dada yako, ulipewa kipande cha ukuta.

Ndiyo maana uliweza kujisifu mbele yetu kwamba umesoma ubao wa herufi hadi mstari wa chini kabisa. Ubao ule, ambao daktari wa Uholanzi Herman Snellen aliutunga mwaka 1862, hupima ukali wa kuona kwa katikati ya jicho, na hauna namna ya kuuliza nani amesimama kando yako. Kipimo kinachouliza swali hilo ni kile cha kuegemeza kidevu mbele ya bakuli kubwa jeupe, ukatazama nukta moja bila kuihama, ukabonyeza kitufe kila mwanga mdogo unapomulika pembeni. Kinatia unyonge, kaka, na najua umekipitia peke yako. Unafika ukimya mrefu ambao mtu hajui kama taa hazijawaka au zimewaka na yeye hakuziona.

Mimi nilikifikia kwa njia ndefu. Nilikwenda kutafuta miwani ya kusomea, kama wengi wetu tuliovuka miaka 40, na daktari akaangalia nyuma ya jicho langu kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akapima shinikizo, akakuta liko katika kiwango cha kawaida, kisha akaniuliza kama kuna mtu katika familia aliyewahi kuugua presha ya macho. Nikamjibu hapana. Nilimjibu kwa uhakika wa mtu anayewajua ndugu zake. Akaniambia nirudi baada ya mwaka. Miezi minane baadaye wifi alinipigia kunieleza kwamba umeanguka kwenye ngazi, na katikati ya maelezo likamponyoka neno kwamba matone unayatumia kwa mwaka wa sita sasa. Aliniapisha nisikwambie kuwa nimelisikia kwake, kwa hiyo tafadhali usimuulize. Wiki ile ile nilirudi kwa daktari nikabadili jibu langu, naye akanikalisha mbele ya lile bakuli, kwa sababu ugonjwa huu humpata hata mtu ambaye shinikizo lake ni la kawaida. Jicho langu la kushoto limeshapoteza sehemu ya juu, upande wa pua. Kilichopotea hakirudi, matone yanalinda kilichobaki.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, wala haiko tena kwenye ule mkono. Ndugu wa kuzaliwa na mgonjwa wa glakoma wana hatari ya kuugua iliyo kubwa mara kadhaa kuliko watu wengine. Nadhani daktari wako alikwambia utuarifu, maana wangu aliniambia hivyo kabla sijainuka kitini. Ulidhani unayaficha macho yako, kumbe uliyaficha na yangu. Miezi minane si mingi, daktari mwenyewe amesema, nami sitaki ulale na lawama nisizozikusudia. Lakini nazikusudia kidogo.

Nilipewa pia dodoso la maswali 25 lililotungwa Marekani ili kupima namna macho yanavyoathiri maisha ya mtu. Nilitarajia kuulizwa kuhusu kusoma na kuendesha gari, na hayo yamo. Yamo pia ya kushuka ngazi penye mwanga hafifu, ya kuona vitu vilivyo kando unapotembea, ya kuona watu wanavyoyapokea maneno yako, ya kushinda nyumbani kwa sababu ya macho, na lipo moja linalouliza juu ya hofu ya kujiaibisha au kuwaaibisha wengine. Niliweka kalamu chini. Yalikuwa yanakuhusu wewe: kwa nini uliacha kuja kwenye sherehe, kwa nini siku ulizokuja ulitangulia kabla watu hawajajaa na ukakaa mgongo ukutani, kwa nini uliuza gari ukasema umependa kutembea. Mimi nilikuwa nikiwaambia watu kwamba kaka yangu siku hizi ana maringo.

Na baba je? Alipoanza kugonga fremu za milango tulisema ni uzee, wewe na mimi kwa kauli moja, jambo ambalo halikutokea mara nyingi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana matatizo ya kuona, na kwamba kwa watu wasiopungua bilioni 1 kati yao tatizo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Huenda alikuwa mtoto wa jicho tu, ambaye upasuaji wake mara nyingi hauchukui hata nusu saa. Huenda ilikuwa hii yetu. Hatukumpeleka.

Sasa matone. Wifi anasema unayaruka kwa sababu huoni tofauti. Tofauti hutaiona, kazi yake ni kuhakikisha huioni. Tia tone moja, funga jicho, bonyeza kwa kidole kona iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa isiteremkie puani, na kama una chupa ya pili subiri dakika tano. Usitie dawa ya macho mekundu ya kuazima, kwa kuwa zenye steroidi zinaweza kuipandisha presha hiyo hiyo. Mimi tangu nianze sijakosa hata siku moja. Hata wakati wa baba, dawa zake zote nilizihesabu mimi, na aliyezoea kuhesabu vidonge vya mwingine hashindwi na chupa moja. Na ukiniuliza kwa nini sikukuuliza kitu kwa miaka mitatu, nitakujibu kwamba aliyenyimwa salamu hana wajibu wa kumpima macho aliyemnyima.

Ingawa ningeweza kukuita mara ya pili jioni ile. Sauti ilikuwepo. Niliirudisha kwa kiburi, nikajifanya narekebisha nguo begani.

Mdogo wetu bado hajapimwa. Nimemwambia mara mbili, akanijibu kwamba yeye anasoma herufi zote hadi mstari wa chini. Mimi hanisikilizi, unamjua; tangu utoto husikia la kwako. Mpigie wewe, na umwambie ni miaka sita.