Barua ya wazi kwa jumuiya zetu za Nairobi, kabla ya Jumapili ya Mavuno

Wapendwa katika Kristo, akina mama, akina baba, nanyi vijana mnaobeba viti na spika bila kuitwa,

Bwana asifiwe.

Mavuno yamekaribia na kamati zinahangaika na hema, mbuzi wa mnada na sare ya kwaya. Mambo hayo yanahitajika. Lakini kuna kazi inayotangulia hema, na isipofanywa tutakuwa na maonyesho ya mboga yenye nyimbo. Mniruhusu mzee wenu niiseme.

Someni Kumbukumbu la Torati 26. Mwisraeli aliyeleta malimbuko hakuweka kikapu chini akaenda zake. Alisimama mbele ya kuhani akasimulia: baba yetu alitangatanga, Misri walitutesa, tulilia, Bwana akatutoa, akatupa nchi hii, na haya ndiyo mazao yake. Kisha akaagizwa afurahi, yeye na Mlawi na mgeni anayekaa kwake. Kikapu tunacho, na karamu tunaijua. Simulizi ndiyo iliyopotea. Siku hizi mtu anashika kipaza sauti na kusema anamshukuru Mungu kwa kila kitu, maneno yanayofaa mwaka wowote na kinywa chochote, na anayesikiliza hajui Mungu amefanya nini.

Kwa hiyo, wiki mbili kabla, kila nyumba itenge jioni moja, redio izimwe, daftari liwe mezani. Andikeni mwezi kwa mwezi tangu mavuno yaliyopita: tulichopewa, na mkono uliotuletea. Mkikwama, fungueni ujumbe wa M-Pesa mrudi nyuma. Pale pana kumbukumbu ambayo kichwa hakiwezi kuitunza. Utakuta mia tano ya shangazi wiki ile kodi ilipokuwa imekula kila kitu. Utakuta jirani aliyetuma nauli ya hospitali saa nne usiku. Mkimaliza, chagueni jambo moja la kusemwa kanisani, kwa mtindo wa Mwisraeli yule: tulikuwa hivi, Bwana akatenda hivi kupitia fulani, leo tumeleta hiki. Dakika mbili zinatosha. Anayehitaji kumi mara nyingi anatangaza gari.

Orodha hiyohiyo ipindueni upande wa pili muandike wanaowadai. Hapa sitazunguka. Yakobo 5:4 inasema ujira wa waliovuna mashamba, uliozuiliwa na wenye mali, unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana wa majeshi. Ni andiko la msimu huu hasa. Dada wa kazi ambaye mshahara wake umechelewa miezi miwili, kijana aliyelima kule ushago akaambiwa angoje, mama mboga mwenye jina lako kwenye kitabu cha deni: hao walipwe kabla hujafunga bahasha ya sadaka. Huna zote? Nenda na nusu na tarehe ya nusu nyingine, uso kwa uso. Sadaka iliyotokana na mshahara wa mtu mwingine si yako kuitoa.

Sasa kikapu chenyewe. Wengi wetu hatuna shamba, na hilo lisimwaibishe mtu; kununua Marikiti alfajiri na kuleta ni kutoa pia, maana pesa ile nayo ni mavuno ya kazi. Nafaka, viazi, nduma, malenge na kabeji vije Jumamosi. Sukuma, dania na nyanya vije asubuhi yenyewe, nyanya ziwe hazijaiva sana, sukuma isimamishwe kwenye ndoo ya maji. Kila mwaka mboga za majani hurundikwa tangu Ijumaa, na Jumapili zinatoa harufu mbele ya madhabahu.

Mahindi yanataka uangalifu kuliko vyote. Mwaka 2004, huko Ukambani, watu 125 walikufa kwa sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, kutokana na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu ile haiishi kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Kipimo cha kuhifadhi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Asiye na mashine atumie chupa ya kioo iliyokauka vizuri: tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, unyevu umepita asilimia 15, yarudi juani. Isiposhika, bado yaanike siku nyingine kwa usalama, juu ya turubai, si juu ya udongo. Yawekwe kwenye gunia linalopumua. Mfuko wa plastiki huyatoa jasho, hata tukiacha kwamba mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 2017. Punje zenye ukungu zitupwe. Malaki aliwakemea waliomletea Mungu mnyama kipofu na kilema, na sioni tofauti na kumpa mjane mahindi ambayo wewe mwenyewe usingeyasaga.

Halafu mnada. Naupenda, watu wanacheka, kabeji moja inafika elfu tano na paa la kanisa linapata mabati. Unaharibika sehemu mbili. Ya kwanza ni kusoma majina pamoja na viwango. Aliyeleta mayai sita anajikunja kwenye benchi, na mwaka ujao haonekani. Someni majina bila pesa, au msisome kabisa. Ya pili ni kuuza kila kitu, kisha kuwatafutia maskini mabaki. Walawi 23 inapanga sikukuu za mwaka mzima, na katikati ya orodha, mara tu baada ya mikate miwili ya Pentekoste, inasimama kusema: usivune pembe za shamba lako, mwachie maskini na mgeni. Torati haikutaja kiasi; walimu wa Kiyahudi baadaye walisema isipungue moja ya sitini. Sisi tutenge moja ya kumi, na itengwe kabla dalali hajapanda jukwaani.

Kifurushi cha nyumba ya watu watano kwa wiki kiwe na gorogoro mbili za unga, yaani takriban kilo nne, mchele kilo mbili, ndengu kilo mbili, mafuta nusu lita, chumvi na kabeji. Nimesema ndengu kwa sababu. Maharagwe makavu yanakaa jikoni saa mbili na zaidi, na anayenunua makaa kwa mkebe kule Mathare au Mukuru atatumia pesa nyingi kuyaivisha zawadi yenu. Mkitoa maharagwe, ongezeni makaa. Wapelekeni watu wawili, bila kamera, na waingie waketi kama wageni, maana Kumbukumbu 26 inamtaka mgeni afurahi pamoja nasi, si apigwe picha.

Kuna ambao mwaka huu hawana la kusimulia. Amefiwa, au amefutwa kazi, au mto ulimbebea nyumba kama wengi walivyobebewa katika mafuriko ya 2024. Msimwite mbele, wala msimwambie ashukuru kwa kuwa wengine wana hali mbaya zaidi. Huko ni kumfanya afurahie msiba wa mwenzake. Kiongozi wa ibada asome Zaburi ya 13 kabla ya matoleo. Ina aya sita tu, inauliza "hata lini" mara nne, na mwimbaji anafika kwenye wimbo mwishoni baada ya kulia kwanza. Kisha pawe na kimya cha dakika nzima. Kwaya itavumilia.

Na nyumbani, jaribuni jambo moja mwezi mzima. Tunaomba kabla ya kula, vizuri. Kumbukumbu la Torati 8:10 inaagiza kushukuru baada ya kula na kushiba, na aya zinazofuata zinaeleza sababu: mtu akishashiba na kujenga nyumba nzuri ndipo moyo unapoinuka na kumsahau Bwana. Mwenye njaa hahitaji kukumbushwa sana. Basi sahani zikiwa tupu, kabla mtoto hajakimbilia televisheni, mmoja ataje kitu kimoja cha siku hiyo na aliyekileta: makanga aliyerudisha chenji iliyozidi, mwalimu aliyebaki na mtoto hadi saa kumi na mbili. Zamu zizunguke, na wageni wahesabiwe.

Wenye viti wa jumuiya, nileteeni kufikia Ijumaa majina ya nyumba zitakazopokea vifurushi, kwa mkono, si kwenye kundi la WhatsApp. Mwenye pikapu na nafasi Jumamosi mchana amwone katibu.

Wenu katika Bwana,
Mzee wa kanisa