Barua kwa wazazi, mwisho wa muhula wa kwanza

Lubumbashi, Desemba

Baba na mama, wazazi wetu,

Salamu. Mabuletini ya matokeo yametolewa leo. Yasomeni kwanza, ndipo mje kuuliza. Kazi ya vyoo vya wasichana imekwisha. Januari, asiyevaa bluu na nyeupe hapiti mlangoni.

Sasa mpira. Kombe la shule za komine, wilaya yetu hii ya mji, liko mezani kwangu, na wengi wenu mlikuwa uwanjani chini ya mvua ile. Mimi pia niliruka, kofia yangu ikaangukia topeni, sioni haya. Lakini mliocheza fainali kwa sauti hamkuona mechi ya kwanza, mwezi wa kumi, tulipopigwa 3-0 na watoto wakalia. Kocha aliwaketisha chini ya mwembe, akawauliza Mazembe, timu ya mji wetu, ilifanya nini Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Vilabu mwaka 2010. Walikuwa hawajazaliwa au wangali mgongoni, lakini wote walipiga kelele: ilifunga Internacional ya Brazili 2-0! Mmoja akaanza kurukaruka kwa matako kama kipa wao Kidiaba. “Na siku nne baadaye?” Kimya. Inter Milan ilitupiga 3-0, hesabu ileile. “Na 2015?” Kombe la Afrika lilirudi Kamalondo, nyumbani kwa Mazembe. “Haya, tukimbie,” akasema, na hotuba ikaishia hapo.

Kocha huyu ni mwimbaji wa kwaya, tena haachi misa. Hata hivyo timu haisali kabla ya mechi. Husali baada ya mechi, ikishinda au ikishindwa, kwa sababu sala ya kabla, anasema, watoto huigeuza kuwa deni la Mungu. “Mungu alishakupa miguu,” huwaambia, “mbio ni yako.” Kila Ijumaa huja ofisini kuangalia daftari la mahudhurio. Mfungaji wetu bora alikaa benchi nusu fainali nzima kwa kukosa masomo mawili ya kemia. Mzazi mmoja alimtukana kocha kutoka kwenye uzio. Tulishinda 1-0, na mzazi yule bado hajaomba radhi.

Hayo ningeyameza. Lakini asubuhi ya fainali mlinzi alikuta nyuma ya goli letu yai limefungwa kwa kitambaa chekundu pamoja na majani. Nimeuliza, nimejibiwa. Wazazi 11 walichanga faranga 20,000 kila mmoja wakamlipa mganga. Nimeiweka orodha yao kando ya orodha ya wasiolipa minerivali, karo ya shule: majina 9 yamo kwenye zote mbili. Kwangu mnalia kwamba hakuna pesa, mvua, msiba, mshahara umechelewa. Kwa mganga mlilipa taslimu, bila kuomba hata risiti.

Na mjue mlichomfanyia kipa. Aliposikia habari ya yai mikono ilianza kumtetemeka, maana aliambiwa kazi yake imeshafanywa. Kocha alimtembeza uwanjani peke yake mpaka akatulia. Ile penalti ya dakika za mwisho aliidaka kwa sababu ya wiki 6 za kuamka saa kumi na moja alfajiri, na sasa mganga anajisifu mtaani kwamba ni yeye.

Mnamsifu kocha kwa kuwatia watoto moyo. Motivasio ya walimu je, ile pesa mnayowachangia? Tangu mwezi wa kumi haijatimia, na mwalimu wa kemia, yule mliyetaka nimkemee, anakuja kwa miguu kutoka komine ya Ruashi. Kocha mwenyewe hajapata hata ya mwezi mmoja. Januari mtoto mwenye deni la miezi mitatu atarudishwa nyumbani, awe mchezaji au la, na kocha amekubali kuipeleka timu bila yeye.

Wanaokosa Jumatatu kwa ajili ya soko: tunawaona.

Yai na kitambaa chake viko katika kabati langu, na linaanza kunuka. Mwenyewe aje alichukue, akiwa na risiti ya minerivali mkononi.

Prefe wa masomo (mkuu wa shule)