Wapangaji wa nyumba za kuishi walindwe kama wapangaji wa maduka

Mhariri,

Mwezi unapoanza, wapangaji waliochelewesha kodi katika mitaa kama Pipeline na Kayole jijini Nairobi huishi kwa hofu. Ajenti hupiga simu ya vitisho, umeme hukatwa, na wengine hurudi kutoka kazini wakakuta mlango umetiwa kufuli jingine au umeng'olewa kabisa. Deni la kodi, hata liwe la kweli, halimpi mwenye nyumba idhini ya kutenda hayo.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinataka mpangaji anayelipa kila mwezi, asiye na mkataba wa muda maalumu, apewe ilani ya kuhama isiyopungua mwezi mmoja. Mwenye nyumba anaweza kumtuma dalali mwenye leseni akamate mali kwa ajili ya malimbikizo, lakini mpangaji akikataa kuondoka, njia halali ya kumtoa ni amri ya mahakama. Anayetishwa na adai ilani ya maandishi, na atunze mkataba, risiti na jumbe zote za M-Pesa.

Linaloniuma zaidi ni kwamba Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, iliyounda baraza la kuamua mizozo ya wapangaji wa nyumba za kuishi, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiasi ambacho leo jijini ni shida kupata hata chumba kimoja cha mabati. Anayelipa shilingi 6,000 hubaki kutafuta haki katika mahakama za kawaida, ambako gharama ya wakili yaweza kulizidi deni lenyewe. Ilhali aliyekodi duka au mkahawa bila mkataba wa maandishi hulindwa na sheria nyingine, Sura ya 301: hupewa ilani ya miezi miwili yenye sababu, na akiipinga kwa wakati mbele ya baraza lake, ilani hiyo haitekelezwi hadi uamuzi utolewe. Itakuwaje kibanda cha biashara kipate kinga ambayo chumba wanamolala watoto hakina?

Wapo wapangaji wakaidi, na wapo wenye nyumba wanaolemewa na mikopo ya benki. Baraza lenye kuamua upesi lingewafaa hao pia. Mswada wa mwaka 2021 ulikusudia kuziunganisha sheria hizi. Nawasihi wabunge waurejeshe, na wakati tukiusubiri, waondoe kikomo hicho cha shilingi 2,500.

Mpangaji,
Kayole, Nairobi