Koku, safari hii usilale

Kampala

Koku dada yangu,

Hamjambo huko Bukoba? Mzee umpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, maana sehemu kubwa ya barua hii inamhusu yeye.

Umekuja kwangu mara tano, na mara zote tano ukishavuka mpaka wa Mutukula unajifunika kanga na kulala mpaka Kampala. Nakuomba mara ya sita usilale. Jumamosi iliyopita nilimpeleka mama Kyotera kumwona dada yake, tukaazima gari la shemeji, tukaona tusiharakishe. Nimepita barabara ile tangu utotoni, na ni juzi tu ndiyo nimeiona.

Kabla hata ya Masaka kuna mambo. Pale Mpambire, karibu na Mpigi, ngoma zimepangwa kandokando ya lami, kuanzia za kukaa kiganjani mpaka zile ambazo mtoto anaweza kujificha ndani yake. Tulisimama. Kijana mmoja alikuwa ameiweka ngoma katikati ya magoti, ngozi ya ng'ombe bado mbichi na yenye manyoya kingoni, anavuta kamba za ngozi kutoka juu kwenda chini, moja baada ya nyingine, akizikaza kwa meno. Nikamwambia mbona inalia kama debe. Akacheka, akasema ngozi ikiwa mbichi haina sauti, isubiri ikauke na kujibana yenyewe. Akachukua nyingine iliyokwisha kukauka, akaigonga mara moja tu kwa kidole. Mama aliyekuwa anasinzia kwenye gari akafumbua macho.

Kayabwe unaijua kwa picha za watu: Ikweta, yapata kilomita sabini na kitu kutoka Kampala. Kuna duara kubwa jeupe la saruji kila upande wa barabara, na kila mtu anapiga picha mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini. Kuna pia vijana wenye mabeseni yenye tundu wanaokuonyesha maji yakizunguka kulia upande huu, kushoto upande ule, na pale kwenye mstari yanashuka wima. Watoto wa shemeji walishangaa sana na sikutaka kuwakatiza, ila wewe ni mwalimu, nikwambie kweli. Mzunguko wa dunia unageuza pepo na dhoruba kubwa, lakini beseni ni dogo mno kwa nguvu hiyo. Maji yanafuata namna yalivyomiminwa. Niliutazama mkono wa yule kijana: upande mmoja alimimina kutoka kushoto, upande mwingine kutoka kulia. Hata hivyo nililipa kwa moyo mkunjufu, maana watoto waliuliza maswali ya jua na vivuli mpaka Masaka.

Baada ya hapo unaingia kwenye kinamasi cha Lwera, mafunjo kulia na kushoto, barabara imeinuliwa katikati kama tuta. Mei 2023 maji ya Katonga yaliikata barabara huko, magari yakazungushwa kupitia Sembabule. Sisi tulipata pancha. Wakati tairi linabadilishwa tulikaa kwa mama mmoja anayeuza sato na kamongo waliotundikwa kwenye miti, na hapo ndipo mama yangu alipoanza kusema.

Koku, mimi nilidhani mama hapendi Kiswahili. Unajua watu wa rika lake huku Buganda, ukiwasemesha Kiswahili wanajibu Kiganda. Kwao ilikuwa lugha ya askari wa Amin kwenye vizuizi, lugha ya kuambiwa lala chini. Akasema Februari 1979, vita vya Tanzania na Amin, Masaka ilipopigwa mizinga, walikimbilia kwa bibi, wakalala siku nyingi kwenye migomba. Alikuwa na miaka 13. Mji ulichukuliwa na Watanzania tarehe 24. Siku chache baadaye askari wawili wakaingia uani, bunduki mabegani. Bibi akapiga magoti akidhani ndio mwisho. Mmoja akavua kofia, akasema, "Shikamoo mama, tunaomba maji."

Hawakujua shikamoo ni nini. Walidhani ni jina la mtu wanayemtafuta. Mama anasema bibi alijibu, "Hayupo." Alipofika hapo alicheka huku machozi yanamtoka, na yule mama wa samaki, ambaye hakuwa ameulizwa kitu, akasema kwao pia walikuja, wakawaita bakomboozi. Unaona, ni neno letu hilo hilo, wakombozi, limevaa Kiganda.

Nikamwuliza mama mbona hajawahi kusema. Akasema hakuna aliyemwuliza.

Nikamkumbuka mzee wako. Uliwahi kuniambia alikwenda vitani kama mwanamgambo, na kwamba neno Lukaya, ule mji wa kandokando ya kinamasi hiki, likitajwa anatoka nje. Sasa nimesimama pale nimeelewa. Kwenye tuta lile hakuna pa kujificha, huwezi kwenda kulia wala kushoto. Usiku ule wa tarehe 10 Machi brigedi ya 201 ya Tanzania, wengi wao wapya vitani, walipigwa maroketi na kundi la Walibya na askari wa Amin, wakatawanyika. Asubuhi brigedi ya 208 ndiyo iliyotokea nyuma ya adui na kugeuza mambo. Mwezi mmoja baadaye wakawa Kampala.

Leo Lukaya ukisimamisha gari tu unazungukwa na vijana wenye makoti ya namba, mishikaki na kuku vijitini madirishani, gonja, zile ndizi za kuchoma, za moto kwenye gazeti. Mama alinunua gonja nne akala zote.

Masaka nitaipita haraka, ila ukija Novemba, kitongoji chake cha Nyendo usiku ni kama mchana: taa kali na mabati yaliyosimamishwa juu ya mapipa, senene wanavutwa na mwanga, wanagonga bati, wanateleza ndani. Najua utasema wa Bukoba ni watamu zaidi. Tutabishana tukiwa tunakula.

Sasa neno lenyewe. Mlete mzee. Mama ameniagiza, si mimi. Anasema hatamwuliza vita, anataka tu kumwamkia kwa ile salamu na kumpa maji. Nitawasubiri Mutukula upande wetu saa mbili asubuhi, Jumamosi ya kwanza ya Novemba, ili tupite kote mchana. Akisema hataki kusimama Lukaya, hatutasimama. Akitaka, tutakaa hata siku nzima, yule mama wa samaki ana benchi.

Na usisahau kahawa ya kutafuna. Hapa ipo, lakini mama anasema ya kwenu ndiyo yenye harufu.

Wako,
Mariam