Samaki apimwe mbele ya mteja, bei itajwe kabla ya kupikwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye mikahawa mikubwa ya samaki hapa Mombasa, ile ya Nyali na ile ya kisiwani inayotazama maji. Mapishi yao sina neno nayo. Kamba wa nazi, kaa wa tangawizi, pweza aliyelainika hata kisu hakina kazi: ni chakula cha kumpeleka mgeni bila wasiwasi. Ugomvi wangu ni na menyu. Kila kitu humo kina bei, hata maji ya chupa, isipokuwa samaki mzima na kamba mawe. Hao wameandikiwa "bei ya soko" basi.

Soko lipi hilo? Mama karanga, yule muuza samaki wa kukaanga wa Majengo au Likoni, akiwa na sinia lake la changu na tafi, bei atakutajia kabla hujasimama vizuri. Ukiona ghali utamwomba apunguze, au utapita zako na hakuna atakayekukasirikia. Ukishaketi kwenye kiti cha mto na kufunguliwa kitambaa, bei inakuwa siri mpaka umeshiba.

Majuzi tulialika wakwe waliotoka bara. Mhudumu, kijana mwenye adabu zake, akamsifia kamba mawe wa kuchomwa kwa siagi na kitunguu thaumu mpaka mama mkwe akatamani. Bei hakuitaja. Na nani kwetu anayeuliza "huyu pesa ngapi?" mbele ya wakwe? Wenye mikahawa wanaijua vyema haya hiyo, na naamini ndiyo inayowapa faida. Mtalii anauliza bila kupepesa jicho. Sisi wenyeji, tukiwa na wageni, tunameza mate na kusema "mlete".

Bili ilipokuja, kamba mawe mmoja alikuwa na thamani ya mbuzi. Iliandikwa gramu zake, ambazo hakuna hata mmoja pale mezani aliyeziona zikipimwa. Nikamvuta mhudumu pembeni, akanieleza kwamba hupimwa mbichi, na gamba lake lote. Anayewajua viumbe hawa anajua nyama iko mkiani. Kichwa kile kikubwa na ndevu zile ndefu ni pambo la sahani, ila tumevilipia kwa gramu. Juu yake ikaongezwa asilimia 10 ya huduma, VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2. Kodi za serikali siwalaumu nazo. Ila maelezo kwamba bei za menyu hazijajumlishwa kodi yalikuwa chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, kwa herufi za kuhitaji miwani.

Nitaambiwa bei ya samaki haitulii. Kweli, na mtu wa pwani hahitaji kufunzwa hilo. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hadi kwenye Septemba, bahari huchafuka, madau hayathubutu kutoka nje ya mwamba, na wazamiaji wanaowafuata kamba mawe mapangoni hawaoni mbele yao kwa ukungu wa maji. Aliyepatikana Kizingitini huko Lamu bado ana safari ya kuja huku, na njiani kuna tajiri aliyemnunua, barafu na nauli, kila mmoja na chake. Kaskazi ikirudi maji husafika na samaki huwa wengi. (Kama bei za mikahawani nazo hushuka wakati huo, sijabahatika kuziona.) Hayo yote nayakubali. Lakini meneja aliyenunua asubuhi anajua adhuhuri ametoa shilingi ngapi. Ubao mweusi na kipande cha chaki pale mlangoni vinatosha: tewa leo kiasi hiki kwa kilo, kolekole kiasi hiki, kamba mawe kiasi hiki. Kesho futa, andika upya.

Wapo wanaofanya vizuri, tusiwafiche. Kuna mikahawa ambako samaki huletwa kwenye sinia la barafu, ukamwona jicho na mashavu, ukamchagua mwenyewe, akapimwa ukitazama. Huko hata anayelipa pesa nyingi hutoka akicheka. Tena ni vigumu kumpitisha samaki aliyelala kwenye friza wiki tatu ukamwita wa leo.

Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa au huduma anayoilipia. Sioni ni habari gani inayotangulia bei. Na hapa nawageukia maafisa wa vipimo na mizani wa kaunti. Mzani wa muuza nyama na wa muuza nyanya pale Kongowea unapaswa kukaguliwa na kupigwa muhuri. Mwendo mfupi tu kutoka soko hilo, kuna majiko yanayouza kamba mawe kwa gramu kwa bei isiyofikiriwa na muuza nyanya yeyote. Mizani ya majiko hayo imekaguliwa lini? Itolewe, iwekwe mahali mteja anaiona.

Kwa wenye mikahawa, ombi langu halina gharama: wafunzeni wahudumu wataje uzito na bei wenyewe, bila kusubiri kuulizwa, na kabla samaki hajafika motoni. Wakisha kusema, mwenyeji atajua aagize huyo au ageukie changu wa kupaka, na wageni wake hawatajua kwamba alipiga hesabu.

Mla Samaki,
Tudor, Mombasa