Ghorofa ya chini iwe ya wazee

Ndugu Mhariri,

Katika jumba letu Michenzani, pale ngazi zinapopinda ghorofa ya tatu, kuna mbuzi ya kukunia nazi iliyong'oka meno, imefungwa kwa waya kwenye chuma cha kushikia. Aliyeiweka hakumbukwi. Watu wazima wanaopanda hukaa hapo, wakavuta pumzi, wakaendelea. Sisi wa jumba tunapaita "kituoni".

Mama yangu ana miaka 78 na anaishi ghorofa ya tano. Kutoka barabarani hadi mlangoni pake ni vidato 88. Nimevihesabu mara nyingi nikiwa nyuma yake, mkono tayari kumdaka. Zamani alivipanda na ndoo ya maji kichwani na mimi mgongoni. Siku hizi akitakiwa hospitali au kwenye pensheni, wajukuu wawili humteremsha juu ya kiti cha plastiki, mmoja mbele na mmoja nyuma. Kwenye kona kiti huyumba, naye hujifunika uso kwa kanga. Mwezi uliopita aliwaambia, "Mnanichukua kama jeneza." Vijana walicheka. Mimi sikuweza.

Naandika haya nikiwa mtu anayeyapenda majumba haya. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Mzee Abeid Amani Karume aliamua kwamba watu wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, waliokuwa katika nyumba za udongo na makuti, wapewe nyumba za mawe zenye umeme na maji, bila kodi. Wahandisi wa Ujerumani Mashariki walikuja kusaidia, na majumba yenye urefu wa karibu mita 300 yakanyooka kutoka kwenye mzunguko wa Michenzani. Karume aliuawa 1972 kazi ikiwa haijakwisha, lakini ikaendelea. Mama alipopata ufunguo alikuwa bibi harusi. Waliopewa funguo siku zile walikuwa vijana wenzake, na walio hai leo wamefika miaka 70 na 80 pamoja naye. Hivyo kila jumba sasa lina wazee juu kabisa, ambao kuteremka kwao ni safari ya kupangiwa siku.

Tunaambiwa jibu ni lifti. Mimi lifti siikatai, lakini naomba tukumbuke. Mei 2008 umeme wa kutoka Bara ulikatika Unguja kwa karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Pampu zilisimama, maji hayakupanda, na tulipandisha madumu kwa mikono usiku na mchana. Waya wa pili wa baharini, wa megawati 100, uliwekwa 2013 na hali ni afadhali sana. Hata hivyo, mzee ambaye njia yake pekee ya kutoka nje ni mashine ya umeme hubaki mfungwa kila mashine ikiharibika, na sote tunajua kipuri huchukua muda gani kufika.

Sasa Ng'ambo inajengwa upya. Kwahani nyumba za chini zimeondoka na maghorofa yamesimama, na mitaa mingine itafuata. Ombi langu ni moja: katika kila jengo la makaazi linalojengwa kwa fedha za umma, ghorofa ya chini iwe ya wazee na watu wenye ulemavu, na iandikwe hivyo katika kanuni za ugawaji. Maduka yatafutiwe mahali pengine. Vijana wakae juu, mama zao chini, mlango wa jengo uwe mmoja. Nyumba za wazee za Sebleni na Welezo ni za heshima kwa asiye na mtu, lakini wengi wa wazee wetu wana watu. Wanachokosa ni mlango ulio sawa na ardhi.

Mlango huo uwe na upana wa sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite. Penye kizingiti pawe na mteremko wa taratibu, mita 12 kwa kila mita moja ya kupanda, kwa sababu mteremko mkali unamshinda mzee na anayemsukuma pia. Chooni pawekwe vishikio. Na nje, tafadhali sana, pajengwe baraza. Mzee wa Unguja asiye na baraza amekatiwa dunia: hapo ndipo anapojua nani kaumwa, nani kazaa, nani hajaonekana tangu Ijumaa. Jirani wa mama wa ghorofa ya nne aliumwa siku tatu kabla ya mtu kujua, na kuta zetu zinapakana.

Na jengo la namna hii likiwa fupi, huchafua hewa kidogo pia. Jengo la ghorofa mbili tatu halidai lifti, wala nguzo nene za zege. Saruji huanza kwa mawe ya chokaa kuchomwa kwenye moto wa nyuzi 1,450, na viwanda vyake duniani hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Sisi tunaivusha kwa meli, kisha tunachimba kijijini Donge mchanga wa kuichanganyia, na mashimo ya Donge kila mtu ameyaona. Sisemi turudi kwenye nyumba za Mji Mkongwe kama zilivyo, maana chokaa nayo ilichomwa kwa kuni na boriti zilitoka kwenye mikoko. Lakini kuta zake nene hubaki na ubaridi mpaka alasiri, na hilo tunaweza kulichukua. Kule Bara, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umefundisha kwa miaka mingi matofali ya kufungamana: udongo, saruji kidogo, mashine ya kushindilia kwa mkono, basi. Hayachomwi. Madirisha yakielekezwa kwenye kusi na kaskazi, yakawa na kivuli, feni itapumzika. Na paneli za sola juu ya paa zitatosha pampu na taa za ujia hata waya wa baharini ukikatika.

Majumba ya zamani yasivunjwe. Saruji yake imekwishachomwa, hakuna wa kuirudisha. Hapo panatosha daftari la kubadilishana: mzee wa juu na kijana wa chini wakikubaliana, wahamishiwe kwa maandishi na haki zao zisiguswe. Najua vijana wawili katika jumba letu walio tayari hata kesho. Wanachoogopa ni kupoteza nyumba kwa kukosa karatasi.

Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kumpa kila mzee wa miaka 70 pensheni ya Sh20,000 kwa mwezi, awe alikuwa karani, mvuvi au mkulima wa mwani. Hakuna aliyeulizwa alichangia nini. Waliopitisha uamuzi ule wanaweza kupitisha na huu. Mama anasema akipata chumba cha chini atakitia kigoda chake mlangoni, na ile mbuzi ya ghorofa ya tatu tumwachie Bi wa ghorofa ya sita, ambaye hana mjukuu wa kumbeba.

Mkaazi wa Michenzani,
Unguja